Redio Yetu Ndogo: Tununue Nini Kwanza?

(Mazungumzo na wanafunzi wa klabu ya afya, Pemba)



Mwalimu wenu kaniambia mna hamu ya kuanzisha redio ndogo ya kijiji, isiyo ya biashara, ili watu wapate habari za afya. Wazo zuri, wala si ndoto. Hapa hapa Pemba ipo Redio Jamii Micheweni, iliyopata msaada wa UNESCO. Lakini pesa za wafadhili zikishafika, swali huwa moja: tununue nini? Hapo ndipo wengi tunapoteleza.

Nikwambieni yaliyonikuta. Zamani nilifanya kazi katika kituo kimoja cha mwambao. Tulipopata msaada tukanunua miksa kubwa, vitufe chungu nzima. Ilipendeza! Stabilaiza tukasema tutanunua mwakani. Siku moja umeme ukakatika. Uliporudi, ulirudi na nguvu zake, mtambo ukaungua. Kipuri kikawa hakipatikani ila ng'ambo. Tulikaa kimya wiki sita, na ndizo wiki ambazo kipindupindu kiliingia kijijini. Watu wakawa wanakunywa maji ya kisima bila ya kuyachemsha, na sisi tumekaa na miksa yetu inang'aa. Mpaka leo nikikumbuka naona haya.

Kwa hivyo nawe msomaji, yashike haya:

1. Kibali kwanza. Zanzibar huwezi kurusha matangazo bila ya leseni ya Tume ya Utangazaji, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Usinunue mtambo kabla hujajua utapewa masafa gani. Tena mtambo peke yake haulindi kituo. Mwaka 1982 kule Homa Bay, Kenya, ilifunguliwa redio ndogo kwa msaada wa UNESCO. Mitambo ilikuwepo na wasikilizaji walikuwepo, lakini mwaka 1984 Serikali iliifunga.

2. Mlingoti kabla ya vati. Wengi hudhani mtambo mkubwa ndio unaofika mbali. Si hivyo. Mawimbi ya FM husafiri karibu sawa na macho yanavyoona. Antena iliyo mita 9 juu ya ardhi tambarare huona kama kilomita 12. Ipandishe mita 36, itaona kama kilomita 25. Ukitaka kuufikisha mbali mara mbili kwa nguvu za mtambo tu, itakubidi uongeze vati mara nne, na bili ya umeme nayo itapanda. Pemba yetu ina vilima na mabonde mengi, basi tafuta kilima. Kisha chukua redio ndogo, tembea vijijini, usikilize sauti inapotea wapi.

3. Umeme safi. Tangu mwaka 2010 Pemba inapata umeme kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga. Kabla ya hapo tulitegemea majenereta ya dizeli. Hata hivyo umeme hukatika. Stabilaiza, betri na waya wa kuipeleka radi ardhini si mapambo. Hivyo ndivyo vinavyoufanya mtambo uishi. Kama mnaweza, wekeni na sola.

4. Sauti. Maikrofoni mbili ngumu zisizohitaji umeme wake, miksa ndogo, kompyuta moja na kinasa sauti cha kwendea vijijini. Vinatosha. Chumba kitulizeni kwa mapazia mazito na magodoro.

5. Chumvi na vipuri. Hewa ya bahari hula chuma. Chagua antena isiyoshika kutu, na viungo vya waya vifunge visiingie maji. Kabla hujalipa, muulize muuzaji: kikiharibika, fundi wa Chake Chake au Unguja ataweza kukitengeneza? Akibabaika, kiache hata kama ni cha bure. Msaada usiotengenezeka ni mzigo.

6. Afya yako. Usipande mlingoti bila ya mkanda, wala mvua ikitanda. Usisogee karibu na antena mtambo ukiwa umewashwa. Visikizio vya masikioni usivifungue mpaka mwisho. Sikio likishaharibika kwa makelele halirudi.

Mtaniuliza, "Mzee, mbona miksa umeiweka nyuma?" Kwa sababu msikilizaji haioni. Mama mwenye mtoto anayeharisha anataka kitu kimoja: usiku ule akifungua redio, asikie namna ya kuchanganya maji ya chumvi na sukari, na kwamba asubuhi mapema ampeleke mtoto kituo cha afya. Akikuta kimya, kazi yote imekuwa bure.

Sasa zamu yako. Kaa na wenzako mjadili:

- Kijiji gani karibu na skuli yenu hakipati habari za afya, na kwa nini?
- Kilima gani kinaweza kubeba mlingoti?
- Mkipewa pesa nusu ya mnazozitaka, mtaacha kununua nini?

Swali la mwisho ndilo gumu. Lijibuni kabla ya pesa kufika.