Mkono Ulioshonwa, Dawa Ipi?

Lushoto, kuanzia wapasua mbao wa Shume hadi wakulima wa mboga, mkono ndio mtaji. Msumeno au panga huweza kuufikisha kwenye upasuaji. Wengi wakishashonwa huomba dawa “kali”. Sioni sababu. Tafiti za Marekani zimeonyesha kwamba baada ya upasuaji mdogo wa mkono, parasetamoli au ibuprofeni hutuliza maumivu karibu sawa na dawa za jamii ya afyuni, tena bila kumtia mtu uraibu. Ibuprofeni inywewe baada ya kula. Mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo asiiguse. Mkono uinuliwe, uvimbe upungue.

Mofini, ya jamii hiyo ya afyuni, nayo tusiiogope: aliyekatika vidole huweza kuihitaji siku za mwanzo, na kumnyima ni ukatili. Ila tramadoli, nayo ya jamii hiyohiyo, ya kununua dukani bila cheti cha daktari, hapana.