Laptopu haijarogwa, picha ndiyo imeizidi

Mliotoka Sirari, Nyamongo na Tarime mjini, poleni na safari. Wenyeji wetu wa Mugumu, asanteni kwa chai. Nimepewa mada ya kutengeneza mabango na picha za mikutano, lakini tangu nifike hapa swali ninaloulizwa ni moja tu: "Kaka, mbona Photoshop inajifunga yenyewe?" Tuanze na hilo basi, maana bango likipotea saa tano usiku na mkutano ni kesho mchana, hayo mengine yote hayana maana.

Wengine wanasema ni virusi. Wengine wanasema laptopu imezeeka, tuchangishane tununue mpya. Jamani, michango ya matawi yetu inatoka kwa mama ntilie na vijana wa bodaboda. Kabla hatujaenda kuwaomba, tujue kwanza hii tuliyonayo inalia nini.

Turubai la msibani mnalijua. Likikunjwa linapanda bodaboda moja. Likifunguliwa linafunika uwanja mzima. Faili la picha liko hivyo hivyo. Kwenye diski unaona megabaiti 10, unasema hii ndogo. Lakini hapo imekunjwa. Ukiifungua, programu inahitaji kuishika kila pikseli mkononi, na kila pikseli inakula baiti 3: moja ya nyekundu, moja ya kijani, moja ya bluu. Picha ya simu ya megapikseli 50 ni baiti milioni 150, yaani megabaiti 150 ndani ya RAM. Ukinakili leya yake na kuihariri, umeongeza nyingine. Na kila hatua unayofanya, programu inatunza ilivyokuwa kabla, ili ukibonyeza kurudi nyuma iweze kurudi. Sasa laptopu ina RAM ya gigabaiti 4, Windows imeshachukua sehemu yake, na wewe umefungua Chrome yenye kurasa kumi na WhatsApp pembeni. Kimebaki nini?

Ila muuaji mkubwa wa mabango yetu ni tarakimu moja: 300. Kila mtu kaambiwa bango zuri ni la dpi 300. Nani kasema? Hiyo ni ya kitu unachoshika mkononi, kama kipeperushi au kadi. Chukueni bango la mita 3 kwa mita 1. Kwa dpi 300 linakuwa na pikseli 35,433 kwa 11,811. Zidisha: ni zaidi ya pikseli milioni 418. Leya moja tu inayojaza bango lote ni gigabaiti 1.25. Weka leya tatu za namna hiyo, laptopu ya gigabaiti 4 imekwisha. Na hata ukifanikiwa kumaliza, faili la PSD halikubali upande unaozidi pikseli 30,000, kwa hiyo utagoma kwenye kulitunza, saa hiyo hiyo ya usiku.

Bango hilo hilo lifanye kwa dpi 72. Linakuwa pikseli 8,504 kwa 2,835, na leya ni kama megabaiti 72. Imepungua zaidi ya mara 17. Bango linasomwa na mtu aliye ng'ambo ya barabara, hatakuja na kioo cha kukuzia. Ukiwa na wasiwasi na herufi, maandishi yaandike kwenye Inkscape, ni ya bure, herufi zake ni mistari inayopigwa hesabu, hazichakai hata ukizikuza ukubwa wa ukuta. Mwulize mchapaji wako anataka dpi ngapi kabla hujaanza, usiulize baada.

Kuna ujumbe mwingine wengi mnaujua: "scratch disks are full". Hapo RAM imejaa, Photoshop ikaenda kuweka mizigo kwenye diski, nayo imekuta diski imejaa. Mara nyingi ni diski C iliyojaa filamu na miziki. Sina ugomvi na bongo fleva, lakini hamisha. Kama laptopu ina diski D yenye nafasi, ingia Preferences, sehemu ya Scratch Disks, uichague. Flashi usiitumie kwa kazi hiyo, ni ya polepole. Kisha nenda sehemu ya Performance. Utakuta History States, ambayo kwa kawaida ni 50. Ishushe hadi 15 au 20. Pale pa kugawa RAM, Photoshop huanza na asilimia 70 hivi. Kuna mtu atakushauri upandishe hadi 100. Usimsikilize. Windows ikikosa pa kupumulia, mashine nzima inaganda.

Angalieni pia kama Windows yako ni ya biti 32. Ingia Settings, System, About. Ikiwa ni ya biti 32, kwa kawaida programu moja haipati zaidi ya gigabaiti 2, hata ungeongeza RAM namna gani. Kama prosesa inaruhusu, weka ya biti 64 kabla ya kununua chochote. Baada ya hapo ndiyo uongeze RAM, na diski ya SSD ukijaliwa. Hiyo michango nitaisimamia mwenyewe.

Kuhusu Photoshop za kuvunjwa, zile za kwenye flashi ya rafiki: nyingine zinajifunga kwa sababu zimeharibiwa, na nyingine zinakuja na wageni ndani yake. Laptopu yenye orodha ya wanachama haifai kuwekewa kitu hicho. GIMP ni ya bure na halali. Kwenye Preferences, sehemu ya System Resources, utapanga RAM itakayotumia na hatua za kurudi nyuma.

Sasa umeme. GIMP tangu toleo la 2.10 hujaribu kuokoa picha programu ikianguka, lakini umeme ukikatika na betri yako ni ile ya kufa, hakuna cha kuokoa. Photoshop tangu CS6 hutunza nakala ya dharura kila dakika 10. Unaweza kuishusha hadi dakika 5. Bado kidole chako kizoee Ctrl na S. Na tunza kwa majina tofauti, bango1, bango2, bango3, kwa sababu faili likikatikiwa umeme katikati ya kutunzwa linaweza kuharibika lote.

Picha ya asili usiiguse kamwe. Nakili, hariri nakala. Na wale mnaoniuliza jinsi ya kuongeza vichwa kwenye picha ya mkutano ili uonekane umejaa: hiyo leya siifundishi. Inakula RAM, na siku picha halisi ikitoka inakula na chama.

Haya, waliokuja na laptopu wazifungue. Umeme upo, tuanze na Scratch Disks kabla haujaondoka.