Mkanda wa motere tuubadilishe nyumbani

Maneno ya dereva wa gari la chama kwenye mkutano wa wanachama, Bunia

Mumenipa dakika chache niseme juu ya gari. Sitasema juu ya gari lote. Nitasema juu ya kitu kimoja chenye bei ndogo: mkanda wa motere.

Njia ya Kasenyi munaijua. Wengi wetu njo tulipitia kule mwaka 2018, tukavuka ziwa Albert mpaka Uganda, wengine wakafika Kyangwali. Kurudi vilevile, ni njia ileile. Leo gari letu linaipanda likibeba samaki ya mama zetu, na siku zingine mgonjwa. Toka ziwani mpaka Bogoro ni mlima, na toka Bogoro mpaka mjini kungali kilometa 25 hivi. Mkanda ukikatika pale katikati, bateri haichajiwi tena. Usukani unakuwa mzito kama jiwe, tena kwenye kona. Na kama ni huo mkanda wenye kuzungusha pompe ya maji, motere inachemka. Dereva akilazimisha, kichwa cha motere kinapinda, na pale hatuongei tena bei ya mkanda. Samaki inaoza. Kulala njiani huku Ituri ni kitu gani, munajua, sina haja ya kueleza.

Lakini mkanda, mara nyingi, haukatiki bila kuaga. Asubuhi motere ikiwa baridi, ao mvua ikinyesha, unapiga kelele kali. Ukiugeuza ndani unaona mipasuko, ao nyuzi zinatoka pembeni, ao unang'aa kama kioo. Kuko wenye wanapaka sabuni. Ndiyo, kelele inaisha, kisha mkanda unateleza zaidi. Hapana sabuni, hapana mafuta.

Tufike kwenye kazi. Motere iwe imezimwa na imepoa, ufunguo uwe mfukoni mwako, si kwa mtoto. Fungua waya wa bateri wenye alama ya kutoa. Mbele ya kulegeza kitu, piga picha na telefone namna mkanda unapita kwenye puli zote, ao uchore kwenye karatasi. Wenye kujivunia kichwa chao, saa sita wangali wanauzungusha huku na huku. Kwa magari mengi ya zamani unalegeza bulo za alternateri, unaisukuma ndani. Mengine yako na puli yenye springi: unaizungusha na spana ndefu, mkanda unalegea.

Weka wa zamani na mpya pamoja. Hesabu mistari ya ndani, iwe sawasawa. Urefu vilevile, ijapokuwa wa zamani umenyooka kidogo. Kisha zungusha kila puli na mkono. Hapa njo watu wengi wanaruka. Puli ikikwaruza ao ikiyumba, beringi yake imekufa, na itakula mkanda mpya kama ilivyokula ule wa kwanza.

Vaa mpya, umalizie kwenye puli ambayo mkono unaifikia vizuri. Kwa gari bila springi, kaza, kisha finya na kidole gumba pale mkanda ni mrefu zaidi: ushuke kama sentimeta moja. Ukikaza kupita, unaua beringi ya alternateri. Rudisha waya wa bateri, washa dakika chache, mikono mbali, kitenge mbali. Baada ya safari ya kwanza angalia tena, juu mkanda mpya unanyooka.

Kuko mkanda mwingine wa ndani, wenye kupanga kazi ya valvu. Ule hapana kugusa nyumbani. Ukikosa jino moja, motere inaweza kuharibika. Ule ni wa garaje.

Kwa komite, ninaomba mkanda mmoja mpya wa kipimo cha gari letu na spana zake vikae chini ya kiti siku zote, na gari lisishuke Kasenyi kama dereva hajavionyesha. Marafiki wenye kutuuliza tusaidiwe nini, waanzie hapo. Wenye kutaka kujifunza, tuonane jumamosi saa mbili asubuhi kwenye uwanja wa chama, na nguo za kazi. Mama pia, juu samaki ni yenu.