Huruma Mlangoni pa Urjansi

Somo: Marko 5:21-43

Kwa namna ya pekee tunazungumza na ninyi mlio hospitalini: mgonjwa kitandani, ndugu aliyelala kwenye mkeka kando yake, na muuguzi wa zamu ya usiku aliyefungua redio kwa sauti ya chini. Somo la leo ni lenu.

Sura hii tunaijua. Yairo, mkuu wa sinagogi, anamwangukia Yesu miguuni kwa sababu binti yake wa miaka 12 yuko karibu kufa. Njiani, mama aliyetokwa na damu kwa miaka 12 anagusa vazi la Yesu katikati ya watu wengi, naye Yesu anasimama. Wanapofika nyumbani, mtoto amekwisha kufa, na Yesu anamwinua. Tumezoea kuhubiri miujiza hiyo miwili. Leo tuangalie namna Yesu alivyowatendea wagonjwa na jamaa zao, maana kazi ya namna hiyo inafanyika kila siku katika chumba cha dharura, pale tunapoita urjansi.

Jambo la kwanza: Yesu alimwona asiyepiga kelele.

Yairo alikuwa na cheo, na alisema mbele ya watu wote. Mama yule alikuja kwa nyuma. Marko anaeleza kwamba mali yake yote ilikwisha kwa waganga. Lakini Yesu alimtafuta, akamsikiliza mpaka akaeleza yote, akamwita binti.

Mlangoni pa urjansi wanafika kwa wakati mmoja kijana aliyeanguka na pikipiki, pamoja na jamaa kumi wanaopiga kelele. Mzee anayeshika kifua. Na mama mwenye mtoto mgongoni, kimya. Muuguzi aliyefundishwa vizuri haanzi na mwenye sauti kubwa. Anatazama nani hapumui vizuri, nani akiitwa haitiki, nani ana degedege, nani anatoka damu nyingi, nani ameishiwa maji mwilini. Mtoto mlegevu asiyelia anaweza kuwa ndiye aliye karibu zaidi na kifo. Dominique Larrey, mganga wa jeshi la Napoleon, zaidi ya miaka 200 iliyopita, alitaka majeruhi watibiwe kwa uzito wa majeraha, wala si kwa cheo. Naye Yakobo, katika sura ya 2, aliwakemea waumini waliomkalisha vizuri mwenye pete ya dhahabu na kumsimamisha maskini. Kuwapanga wagonjwa kwa haki ni huruma.

Lakini anayengoja naye anahitaji neno: “Papa, tumekuona. Kuna mtoto anayeshindwa kupumua, tunaanza naye. Maumivu yakizidi, utuite.” Neno hilo halihitaji dawa wala feza. Yairo naye alingojeshwa, na habari ya kifo ilipomfikia, Yesu hakumwacha nayo peke yake. Alisema naye palepale, wakaendelea kutembea pamoja.

Jambo la pili: Yesu aliwatoa watu wa makelele, akawabakiza baba na mama.

Chumba kikijaa watu, muuguzi hapati nafasi ya kufanya kazi. Jamaa wanaosukumana mlangoni wamkubalie anapowaomba watoke. Lakini mama wa mtoto si mtu wa kufukuzwa kama wengine. Inapowezekana, mmoja abaki mahali asipozuia kazi, na aelezwe kinachofanyika. Na mgonjwa akifa, jamaa wasitupiwe habari hiyo wakiwa wamesimama koridoni. Wapelekwe kando, wakalishwe, waambiwe wazi, na marehemu atajwe kwa jina lake. Halafu muuguzi anyamaze nao kidogo. Dakika hizo watazikumbuka mpaka uzee wao.

Jambo la tatu: Yesu alishika mkono, kisha akakumbuka chakula.

Kwa sheria ya Musa, mwenye kutokwa na damu na maiti vilimtia mtu unajisi. Yesu hakumkemea mama aliyemgusa, na alimshika mtoto mkono. Huruma haikatazi kuvaa glavu, wapendwa. Tunakumbuka Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, kuanzia Agosti 2018 mpaka Juni 2020: watu 3,470 waliugua, 2,287 wakafa. Wagonjwa waliona macho tu ya waliowahudumia. Na watoto wachanga ambao mama zao walikuwa ndani ya vituo vya matibabu, nani angewabeba? Waliokubali kuwabeba na kuwalisha walikuwa watu waliopona Ebola, kwa sababu miili yao ilikuwa na kinga. Hapo kujikinga na kupenda vilikwenda pamoja.

Tena mtoto wa Yairo alipoinuka, watu wote walipigwa na mshangao. Yesu ndiye aliyefikiri kwamba ana njaa. Uuguzi uko hapo. Mganga akiisha kushona jeraha, kunabaki kumfunika mgonjwa aliyeanza kutetemeka, kumuuliza kama dawa ya maumivu imefanya kazi, na kumgeuza upande usiouma. Katika hospitali zetu nyingi chakula kinatoka nyumbani kwa mgonjwa. Basi yule aliyeokotwa barabarani na wapita njia, sufuria yake itatoka wapi?

Sasa tufike kwenye neno zito, yaani feza. Katika Luka 10, Msamaria alianza na majeraha. Alitia mafuta na divai, akafunga, akampandisha mtu yule juu ya mnyama wake, akamtunza. Kesho yake ndipo alipotoa dinari mbili na kuahidi kulipa zaidi. Kwetu mara nyingi mambo yanageuzwa: dhamana inadaiwa kabla damu haijazuiwa, na aliyepona anazuiliwa mpaka deni liishe. Tusimlaumu muuguzi peke yake. Wako wauguzi wanaopita miezi bila mshahara na kuishi kwa kile mgonjwa anacholipa. Mwenye nyumba ya wageni hakuombwa kufanya kazi bure. Msamaria alilipa. Basi kanisa lijiulize linasimama mahali pa nani katika habari hii.

Tunaomba kila kanisa la mahali litenge sadaka ya Jumapili moja kwa mwezi iwe mfuko wa urjansi. Wazee wapatane na hospitali iliyo karibu, ili aliyefika bila feza na bila ndugu aanze kutibiwa, nasi tujibu deni kadiri tulivyopatana. Mama wa kanisa wapange zamu za kupeleka uji na wali kwa asiye na mtu. Mwenye blanketi la ziada alilete.

Na ninyi mnaomweka mgonjwa katika chumba cha maombi siku tatu huku pumzi zake zinapungua, sikieni: mpelekeni hospitali, na maombi yaende naye njiani. Paulo anamwita Luka tabibu mpendwa wake, wala hakumwambia aache dawa. Hata sisi Wapentekoste tuna hospitali. Hospitali ya Panzi kule Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1999, iko chini ya jumuiya yetu ya Kipentekoste, CEPAC, na mwanzilishi wake, Daktari Denis Mukwege, ni mtoto wa mchungaji.

Tumalizie na muuguzi. Mama yule alipomgusa, Yesu alisikia nguvu zimemtoka. Anayesaidia anapungukiwa, hata Bwana mwenyewe. Na sura inayofuata inaonyesha jinsi alivyowachukua wanafunzi wake waende mahali pa faragha wapumzike, kwa sababu hawakupata hata nafasi ya kula. Ndugu muuguzi, ukiona umeanza kumfokea kila mgonjwa, usijihukumu kwamba huna moyo. Mwambie mwenzako akushikie nafasi kidogo, unywe maji, ule, upumue, kisha urudi. Nasi tunaoleta wagonjwa, tuache matusi mlangoni. Tumsalimu kwanza, tuseme ukweli juu ya saa ugonjwa ulipoanza na dawa tulizokwisha kumpa mgonjwa, hata kama ni za kienyeji. Akimaliza, tumshukuru.

Tuombe. Bwana Yesu, uliyesimama njiani kwa ajili ya mama mmoja, simama usiku huu katika kila urjansi ya nchi yetu. Tia nguvu mikono ya wauguzi na waganga. Mfariji anayengoja. Fungua mikono ya kanisa lako, ili asiye na kitu asife mlangoni. Amina.