Hakimu, Hukumu na Haki: Utangulizi wa Falsafa ya Sheria



Niruhusuni nianze na maneno manne ya kazi yenu, mahakimu, wazee washauri na wasaidizi wa kisheria: hakimu, hukumu, mahakama na hekima. Ni ndugu wa tumbo moja, wote wametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kuamua na kutawala. Neno haki halimo katika ukoo huo. Lina mzizi wake lenyewe, unaobeba maana ya kweli na stahili. Masikio yetu yamezoea kudhani kwamba hakimu ni mtu wa haki, kama mkulima alivyo mtu wa kilimo, lakini lugha haikuahidi hivyo. Hakimu ni mtu wa hukumu. Kama hukumu hiyo inapaswa kukutana na haki, na isipokutana nayo tuiiteje, hapo ndipo falsafa ya sheria inapoanzia.

Twendeni kwanza sokoni. Mama anauza nyanya. Asubuhi anapita mtu anamwambia, "Toa shilingi mia tano, la sivyo naondoka na tenga lako." Jioni, njiani kwenda nyumbani, anatokea mwingine na maneno yale yale. Wa kwanza ni mtoza ushuru wa halmashauri, wa pili ni kibaka. Tofauti yao ni ipi? John Austin, Mwingereza aliyechapisha kitabu chake mwaka 1832, alisema sheria ni amri ya mtawala iliyoambatana na tishio la adhabu. Kwa kipimo hicho kibaka naye yu karibu kuwa serikali, ila tu ni serikali ya uchochoro mmoja.

Najua wapo watakaosema mtoza ushuru anatoa stakabadhi. Mnacheka, lakini jibu limo humo. Mwaka 1961 H.L.A. Hart wa Oxford alieleza kwa nini Austin hakutosha. Nyuma ya stakabadhi ipo sheria ndogo ya halmashauri; nyuma ya sheria ndogo ipo sheria ya Bunge iliyoipa halmashauri uwezo wa kuitunga; nyuma ya Bunge ipo Katiba. Na nyuma ya Katiba? Hapo Hart anasema hakuna karatasi nyingine. Kuna mazoea ya mahakimu na watumishi wa umma kukubali kwamba hiki ndicho kipimo cha kutambua sheria. Mama wa nyanya anaweza kuuchukia ushuru, hata kuuona ni wa dhuluma, na bado ukawa sheria. Kwa Hart, kuuliza kama kitu ni sheria na kuuliza kama ni chema ni maswali mawili.

Walio upande wa sheria asilia hawakubali kuyatenga hivyo. Thomas Aquinas, katika karne ya 13, alifundisha kwamba sheria ni agizo la akili kwa ajili ya manufaa ya wote. Agizo la dhuluma ni sheria iliyopotoka. Mabishano haya ni ya kale na sitayamaliza kabla ya chai. Afadhali tuyaone yakifanya kazi kwenye kibanja, yaani shamba la ukoo.

Mwanamke mmoja wa Kihaya, wilayani Muleba, Tanzania, alirithi shamba la ukoo kwa wosia halali wa baba yake. Uzeeni akajiona hana wa kumtunza. Agosti 1988 akaliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Jamaa yake wa kiume akakimbilia Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha. Sheria za mila zilizotangazwa kwa maandishi mwaka 1963 zilikuwa wazi: mwanamke anaweza kulitumia shamba la ukoo maisha yake yote, lakini kuliuza hawezi. Kashasha ikabatilisha mauzo na kuamuru fedha zirudishwe. Mahakama ya Wilaya ikatengua. Jamaa akakata rufaa Mahakama Kuu, Mwanza, na mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya akaamua kwamba bibi yule alikuwa na uwezo wa kuuza, kwa kuwa Katiba inakataza ubaguzi.

Wengi huisimulia hukumu hii kama ushindi wa haki dhidi ya sheria. Nami niliisimulia hivyo miaka mingi, kwa bashasha, mpaka nilipoisoma tena polepole. Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, na mahakama zikaruhusiwa kuzitumia kuanzia Machi 1988, miezi mitano tu kabla ya kibanja kuuzwa. Zaidi ya hapo, sheria ya mpito ya 1984 iliwaagiza majaji wazisome sheria za zamani kwa marekebisho yanayohitajika ili zilingane na Katiba. Jaji alikuwa na karatasi mkononi. Mfuasi wa Hart anaweza kusema huyu ni wetu. Wa sheria asilia atajibu kwamba karatasi hiyo kila hakimu alikuwa nayo, na Kashasha haikuisoma hivyo. Mimi naegemea kwa huyu wa pili, ingawa si kwa raha.

Sababu ya kukosa raha ni kesi nyingine. Mwaka 1994, Dodoma, Jaji Mwalusanya huyo huyo alitamka kwamba adhabu ya kifo inakiuka Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ilikubaliana naye kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili na inamtweza mtu, kisha ikasema ibara ya 30(2) inailinda. Adhabu ikabaki. Safari hii kipimo cha haki na maneno ya Katiba vilivutana, na maneno yakashinda.

Nirudi Muleba kwa jambo moja ambalo husahaulika. Jaji hakuitupa mila yote. Aliacha njia ya ukoo kulikomboa shamba: jamaa amrudishie mnunuzi shilingi 300,000 ndani ya miezi sita, la sivyo shamba libaki kwa mnunuzi. Akaondoa ubaguzi, akaacha ukombozi. Ibara gani ilimwonyesha pa kukatia? Naitafuta bado.

Baada ya chai tutagawanyika vikundi. Kila kikundi kiandike upya hukumu ya Kashasha, kwa Kiswahili, lugha ambayo tangu 2021 ndiyo lugha ya mahakama zetu kisheria. Kila penye neno haki, mwandike pembeni mnakusudia ipi: stahili ya bibi, au uadilifu wa uamuzi wenyewe. Na kikundi kitakachoona Kashasha haikukosea kisione haya kusema. Nataka sana kuzisikia sababu zake.