Kabla ya Kuchonga Hedi ya Injini ya Turbo

Hotuba ya mkufunzi wa ufundi wa magari kwa mafundi wa jua kali wa Meru na Embu



Barabara ya Embu kwenda Meru mnaijua: ukipita Chuka unateremka hadi daraja la Nithi, kisha unapanda tena. Injini ikizimika kwenye mteremko ule, breki huwa nzito mguuni. Kwa hivyo kazi yetu ya gereji inagusa maisha ya watu.

Leo nataka tuangalie kosa moja. Gari la petroli lenye turbo limechemka, hedi imepinda, nasi tunaipeleka kuchongwa. Kila ikichongwa, chumba cha moto hupungua na mgandamizo hupanda. Chukua silinda ya cc 500 yenye chumba cha cc 67: mgandamizo ni karibu 8.5 kwa 1. Punguza chumba kwa cc 5 tu, unafika 9.1.

Mtasema kuna injini zinazofanya kazi kwa 10 kwa 1. Ni kweli, lakini nyingi kati ya hizo hazina turbo. Turbo huingiza hewa ambayo tayari imebanwa na ina joto. Ukiibana kupita kiasi, petroli hujilipukia kabla moto wa plagi haujaifikia. Utasikia injini ikigonga, na mwishowe pistoni hutoboka.

Kisha kuna kamshafti. Vijana hupenda ile ya mbio, inayoacha vali wazi kwa muda mrefu. Vali za kuingiza na za kutoa zikikaa wazi pamoja, moshi unaozuiwa na turbo hurudi ndani ya silinda. Gari hukosa nguvu kwenye mwendo mdogo, na huo ndio mwendo wa kupanda mlima na abiria au magunia ya miraa.

Kwa hivyo, pimeni unene wa hedi kabla na baada ya kuchonga, mlinganishe na kipimo cha mtengenezaji. Ikiwa imepita kikomo, tafuteni hedi nyingine. Kama injini hiyo ina gasketi nene inayoruhusiwa, itumieni. Rudisheni kamshafti yake ya asili, na alama za taiming zikae sawa.

Mwenye gari akilalamika kuhusu gharama, mwonyesheni vipimo. Afadhali alalamike leo gereji kuliko kukwama kesho mlimani na abiria.