Mkaguzi wa Majengo Wakati Ujenzi Umelala

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei, semina ya Haki na Amani)



Tumeombwa tuseme juu ya haki katika ujenzi. Tuanze na swali ambalo wengi huliuliza kwa kejeli: mkaguzi wa majengo wa halmashauri hufanya nini wakati ujenzi umelala? Masika huingia na mashimo ya misingi hujaa maji. Au bei ya saruji na nondo hupanda, mafundi wakarudi makwao. Hapo watu husema kwamba mkaguzi anakula mshahara wa bure.

Tutazame mambo mawili yaliyotokea jijini Dar es Salaam. Siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya jiji liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa nne liliporomoka Kariakoo, wakafariki watu zaidi ya 20. La kwanza lilikuwa bado mikononi mwa mafundi. La pili lilikuwa likitumika, na wafanyabiashara walikuwamo ndani. Basi ukaguzi haukomi siku fundi anapofungasha vifaa vyake.

Kazi inapokuwa nyingi, mkaguzi hukimbizana na zege: hana budi kuuona msingi kabla haujafukiwa, na nondo kabla hazijafunikwa. Kazi inapopungua ndipo hupata nafasi ya kwenda mahali ambapo hakuna aliyemwita. Hukagua mapagala yaliyoachwa, ambamo mirunda imeoza na watoto hucheza. Hutazama nyufa katika nyumba zinazokaliwa. Hufungua majalada na kulinganisha kibali na jengo lenyewe: kibali chasema ghorofa tatu, macho yahesabu tano.

Sisi wenyewe tulipata funzo hilo parokiani. Ukumbi wetu ulisimama miaka miwili kwa kukosa fedha. Msimu mmoja wa mvua mkaguzi alifika, nasi tukanung'unika: "Hatujengi, anatafuta nini?" Mmoja katika kamati yetu akashauri apewe "chai" aende zake. Mkaguzi aliikataa. Alikwangua nondo zilizochomoza juu ya nguzo, kutu ikabanduka vipande vipande, akaagiza tusipandishe chochote mpaka mhandisi azipime. Gharama ilituuma. Lakini tulijiuliza: kama angeipokea ile chai, ni akina nani wangeketi chini ya paa lile siku ya Kipaimara? Ni watoto wetu.

Hatusemi kwamba wakaguzi wote ni waadilifu. Wapo wanaokigeuza kipindi hicho kuwa msimu wa mavuno, wakiwatisha wenye nyumba ili wapewe kitu. Dhambi hiyo ina mikono miwili: unaotoa na unaopokea. Tukiukunja wetu, ule mwingine utabaki mtupu.

Tukumbuke pia kwamba katika Kumbukumbu la Torati (22:8) Mungu hamsemeshi mkaguzi, bali mwenye nyumba: ajengaye aweke ukingo juu ya dari, mtu asije akaanguka, na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Mkaguzi ni msaidizi wa dhamiri zetu. Hawezi kuwa mbadala wake.

Kwa hiyo tunawasihi: mkaguzi akibisha hodi wakati ujenzi umelala, mfungulieni, mwonyesheni kibali, mwombeni aandike aliyoyaona. Na asipofika, mwiteni.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya Ndogo Ndogo:

1. Je, mtaani petu lipo pagala au jengo lenye nyufa ambalo sote tunaliona na hakuna anayelitaja?

2. Majengo ya parokia yetu yana vibali, na ni nani anayevitunza?